Hujaongezewa siku za kujiandaa: soma hapa kabla hujakariri nahau nyingine

Weka kando hiyo orodha ya nahau mia mbili. Umesema umeitwa usaili Kasulu, kwenye shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na unauliza ukariri nahau zipi za Kiingereza uwavutie wasaili, uzitamkeje, na kama uzitie kwenye barua ya maombi. Halafu mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, unasema wamekuandikia "the interview has been brought forward from Thursday to Tuesday" na unamshukuru Mungu kwa kuongezewa siku. Ndugu yangu, umepunguziwa! Ni Jumanne inayotangulia hiyo Alhamisi. Ukienda Jumanne ya wiki ya pili utakuta nafasi imeshapata mtu.

Wengi wanaumia hapa, tena watu wenye vyeti vizuri, na sababu inaeleweka. Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele, kila mtu anajua kimeahirishwa, kwa kuwa mbele ni siku ambazo hazijafika. Kiingereza kikisema "bring forward", shughuli inavutwa ije karibu na leo. "Pushed back" nayo inakupiga upande wa pili: ukiigeuza neno kwa neno unapata kurudishwa nyuma, unawahi ofisini, mlinzi anakuambia hakuna kikao. Wameahirisha. "Put back" kwa Waingereza ni vivyo hivyo. "Put off" ni kuahirisha, mara nyingine bila kutaja tarehe mpya. "Call off" ni kufuta kabisa, haina uhusiano wowote na kupiga simu. Mmarekani akikwambia "moved up", amewahisha.

Na usidhani ni ushamba wetu. Waambie wenye lugha yao kwamba kikao cha Jumatano kime-"moved forward two days": wapo watakaokuja Jumatatu na wapo watakaokuja Ijumaa. Kwenye vikao vyenyewe, "table" kwa Mwingereza ni kuleta hoja ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuiweka pembeni. Hao wote unaweza kuwakuta meza moja.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila mlango wa ofisi kuanzia Kigoma mjini hadi Kibondo: nahau yoyote inayogusa muda, igeuze iwe siku, tarehe na saa, kisha irudishe kwao kwa maandishi kabla hujakata tiketi. Andika hivi: "Thank you. May I confirm that the interview is now on Tuesday 10 June at 9 a.m. in Kasulu?" Weka tarehe yako mwenyewe hapo. Hiyo "9 a.m." ni saa tatu asubuhi, na usiiandike "3". Wakikupigia simu na Mwingereza akasema "half seven", ni saa moja na nusu, si saa saba na nusu. Muulize asubuhi au jioni, kisha bado mwandikie.

Wanaonikera hasa ni hawa wanaotoa fotokopi za "Nahau Muhimu za Kiingereza" na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Kila nahau wameipa neno moja la Kiswahili, basi. "Kick the bucket: kufariki dunia." Kijana anaichukua na kuitia kwenye barua ya rambirambi kwa mkuu wake aliyefiwa na mama! Ile ni kauli ya mzaha. Msibani watu wanasema "passed away". "Pull someone's leg" ni kumtania mtu, lakini mwanafunzi anaielewa kama kuvuta miguu, kwamba fulani anachelewesha kazi. Anayechelewesha kazi ni "dragging his feet". "Cup of tea" wanaiandika kama sifa, wakati mara nyingi utaisikia kwenye kukanusha: "not my cup of tea", si kitu ninachokipenda. Na ile "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, tunayokaririshwa toka shule, Waingereza wa leo hawaisemi sana. Lakini zile zinazosikika ofisini kila siku hawakuziweka: "ballpark figure" ni makadirio ya haraka, "keep me in the loop" ni endelea kunijulisha, "touch base" ni kuwasiliana kwa ufupi, "heads-up" ni taarifa ya mapema. Hizo zielewe ukizisikia. Kuzisema wewe si lazima. Usaili unajibiwa vizuri kwa Kiingereza cha kawaida.

Sasa acha kusoma majibu mengine, fungua ile barua pepe, uwaulize tarehe. Wakithibitisha ni Jumanne hii, panda gari Jumatatu ukalale Kasulu.