Unasoma kurasa nyingi? Weka Charis

Kama kazi yako ni kusoma tasnifu, miswada au ripoti za kurasa mia mbili, achana na fonti ya Arial. Mimi nahariri miswada ya Kiswahili, na kila mwandishi anayenilalamikia macho namwambia apakue Charis SIL. Ni ya bure, na ni fonti ya serifu, yaani herufi zake zina vile vijiguu kwenye ncha.

Kiswahili kimejaa i na l. Andika "Ilala" kwa Arial uone: I kubwa na l ndogo ni vijiti pacha. Sasa soma "walililia" na "ililazimu" ukurasa baada ya ukurasa, saa nne za usiku. Serifu huvipa vijiti hivyo miguu, kila herufi ikajulikana kwa umbo lake.

Fonti za bure za aina hii ziko nyingi. EB Garamond inapendeza sana, na mashairi huwa nayapanga kwayo, ila mistari yake ni myembamba. Kwenye laptop ya bei nafuu hufifia. Charis haina madoido. Imetokana na fonti ya Charter, iliyochorwa na msanifu wa herufi Matthew Carter mwaka 1987 akiwa kwenye kampuni ya fonti ya Bitstream, enzi za printa za leza za nukta 300 kwa inchi. Carter alipunguza mikunjo, akanyoosha mistari, serifu akazifanya nene na za pembe. Ndiyo maana herufi zake hazipotei hata kwenye skrini zetu hafifu.

Mwaka 1992 Bitstream waliikabidhi Charter kwa X Consortium, kundi lililosimamia mfumo wa X Window wa kuonyesha madirisha kwenye kompyuta. SIL, shirika linaloshughulika na lugha, likajenga Charis juu yake na kuongeza herufi za lugha chungu nzima. Ukihariri maandishi yenye majina ya Kikuyu utashukuru. Fonti isipokuwa na ĩ na ũ, kompyuta huziazima kwingine, na Mũrang'a ikatoka na kiraka katikati. Leseni ya Charis inakuruhusu kuchapa kitabu na kukiuza bila kulipa chochote. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Ukishaisakinisha, weka saizi 11. Nafasi kati ya mistari iache moja tu, maana Charis huja na mistari iliyoachana ili alama za juu na chini zipate pa kukaa. Ukizoea kuweka 1.5, ukurasa utakuwa kama umekatwakatwa. Panua pambizo za A4 mpaka mstari ubaki na herufi kama 65. Halafu, hata kama mchapishaji wako ataguna, usinyooshe maandishi pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hazijui pa kuyakata, kwa hiyo "wasiotambulikana" likishukia mstari wa pili linaacha mashimo meupe nyuma yake.

Wenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kiunganisheni na kompyuta kwa kebo, nakilini faili za fonti kwenye folda iitwayo fonts, kisha mzichague kwenye menyu ya Aa.

Wanaoandalia watoto wanaoanza kusoma wana ziada: ndani ya Charis kuna a na g za umbo la mwandiko wa mkono. Katika Word, fungua dirisha la fonti, nenda Advanced, uchague seti ya kwanza ya mitindo.