Jibu: Kava la mashine ya nje ya kiyoyozi, BTU 12,000, nichukue saizi gani?

Salama mkuu. Unasema muuzaji anakupa "saizi ya kawaida ya BTU 12,000". Usikubali. BTU ni nguvu ya kupoza, haisemi umbo. Mashine mbili za BTU hizohizo zinaweza kupishana sentimita kadhaa.

Chukua tepu, pima upana, kina na kimo. Anza na upana, hapo ndipo wengi hukosea: ubavuni penye valvu na mabomba ya kopa kuna kifuniko kinachochomoza, nacho kihesabu. Kina upime pamoja na wavu wa feni. Ongeza sentimita 2 au 3 kwa kila kipimo, basi. Kava likipwaya, upepo wetu wa Dodoma wa Julai na Agosti unalipigapiga mpaka mishono inaachia. Langu nimelifunga mkanda chini, limetulia.

Chini pawe wazi, unyevu utoke. Na ukishalivalisha, zima swichi ya ukutani kabisa! Mashine ikiwaka ndani ya kava, joto halina pa kutokea, kompresa inaweza kuungua. Kava ni la kipupwe, wakati huwashi. Vumbi la miezi ya joto dawa yake ni kuosha koili (yale mabomba yenye mapezi yanayotoa joto) kwa maji ya taratibu.