Umeondoa kizuia matangazo na tovuti bado inakukatalia? Angalia DNS kwanza

Kaka wa Likoni, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasoma habari za mpira kwa simu ukingoja feri, ukurasa unafunikwa na kibao cha "zima kizuia matangazo ndipo uendelee", kiendelezi (kile kiprogramu cha kuzuia matangazo kinachoongezwa kwenye kivinjari) umekiondoa kabisa, na kibao bado kipo. Wenzangu waliokujibu hapo juu wamekwambia tovuti ni mbovu. Mimi naona kizuizi bado unacho, ila hakiko pale ulipokuwa ukikitafuta. Jambo hili hili lilinikuta mimi, likanila wiki nzima.

Nilikuwa na kisaiba changu cha intaneti Kongowea, kompyuta nne na printa moja yenye kikohozi. Wateja wengi walikuwa wanafunzi, na wazazi waliotaka kuchapishiwa pepa za marudio za KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Zile tovuti za pepa ukizifungua unakuta vitufe vitano vya "Pakua", kimoja cha kweli na vinne vya matangazo. Mama mmoja akabonyeza kisicho chake, na kompyuta namba tatu ikawa inajifungulia kurasa yenyewe mpaka jioni. Siku hiyo nikaweka kizuia matangazo kwenye mashine zote. Bando nayo ikaacha kuyeyuka kama barafu juani. Nikastarehe, hadi tovuti niliyoitegemea zaidi ilipoweka kibao kama hicho chako.

Nikafanya lile ambalo kila mtu hufanya: nikaongeza kizuizi cha pili juu ya cha kwanza. Mambo yakaharibika zaidi, na sababu yake nilikuja kuielewa baadaye.

Tovuti haina njia rahisi ya kuchungulia orodha ya viendelezi vyako, kwa hivyo inatega chambo. Inaweka kijisanduku kitupu chenye jina la kitangazo, au inaita faili lenye jina kama ads.js, halafu inasubiri kidogo na kupima. Kisanduku kina urefu, au kimekuwa sifuri? Faili limefika, au limekatwa njiani? Jibu likiwa baya, kibao kinashuka. Sasa kizuizi chenye akili, mfano uBlock Origin ya Raymond Hill, hakikati tu. Kwa skripti (vijifaili vya maagizo ya ukurasa) nyingi zinazojulikana hupeleka faili la bandia lisilofanya lolote, ukurasa ukalipokea na kuridhika kwamba tangazo limefika. Ukiweka vizuizi viwili, kimoja kinapeleka bandia, cha pili kinalikata lile ombi moja kwa moja, na ujanja wote unafichuka. Kimoja kinatosha, yakhe.

Ujinga wangu wa pili nautaja kwa haraka maana unanitia haya: nilipakua kiendelezi cha "kuua vibao" kutoka mahali nisipopajua. Kikanibadilishia ukurasa wa kutafutia, kikaleta matangazo yake chenyewe. Usijaribu.

La tatu ndilo lako. Nilizima kila kitu, kivinjari kikawa kitupu kama kilivyoingia, na kibao bado. Kumbe miezi mingi nyuma nilikuwa nimeweka kwenye ruta DNS ya kuzuia matangazo, nikasahau. DNS ni ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva yake. DNS haijui kupeleka bandia. Kazi yake ni kulikataa jina la seva ya matangazo, basi. Chambo hakifiki, tovuti inakushika, na hata ufute viendelezi vyote hakuna kinachobadilika. Wala huwezi kuiambia iruhusu ukurasa mmoja tu, kwa sababu yenyewe haioni kurasa, inaona majina ya seva.

Kwenye Android kuanzia toleo la 9 kuna mpangilio wa DNS ya faragha katika sehemu ya mtandao. Ulisema simu uliinunua ikiwa imetumika. Fungua hapo, ukiona kuna jina la seva limeandikwa, mwenye simu wa kwanza alikuachia urithi. Rudisha kwenye otomatiki. Angalia pia kama una VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) inayojisifu kuzuia matangazo, na kama unatumia kivinjari cha Brave, hicho kina kizuizi chake ndani hata usiweke kiendelezi.

Si kwamba nakwambia uishi bila kinga. Kwa simu, mimi natumia Firefox na uBlock Origin, basi. Chrome ya simu haipokei viendelezi, na ile ya kompyuta iliiondoa uBlock Origin ya zamani kwa Manifest V3, kanuni mpya za viendelezi vya Chrome. Imebaki ile ya Lite, yenye mbinu chache zaidi. Kibao kikitokea, kabla ya kitu kingine sasisha orodha za vichujio, zile zinazokiambia kizuizi kikate nini. Wanaotunga orodha na wenye tovuti wanafukuzana kila siku, na mara nyingi dawa imeshatoka ila wewe hujaichukua. Isiposaidia, jaribu hali ya kusoma: kama maandishi yameshafika kwenye simu na yamefunikwa tu, utayasoma. Kuifungia tovuti hiyo JavaScript, lugha inayoendesha vibao kama hivyo, nako hufanya kazi, ingawa picha na video hupotea. Kukifuta kibao kwa mkono ndiko nisikokupenda, kwa sababu mara nyingi ukurasa unabaki umegandishwa, hauteremki. Na kama maandishi hayatumwi mpaka uingie kwa akaunti, hapo hakuna ujanja. Lipa au nenda zako.

Jamaa aliyeuliza kama ni kosa kisheria: sina jibu la Kenya, lakini Ujerumani walifikishana mahakamani. Gazeti la Bild lilifunga mlango kwa wenye vizuizi mwaka 2015, likawapa njia ya kulipa euro 2.99 kwa mwezi. Kampuni yake, Axel Springer, pia iliwashtaki Eyeo, watengenezaji wa kizuizi cha Adblock Plus, na Aprili 2018 mahakama ya juu ya huko ikawapa Eyeo ushindi. Mimi binafsi tovuti mbili ndogo za habari za Pwani nimeziruhusu. Matangazo yao yanakaa pembeni, hayarukirukii usoni, na najua wanaoandika hawana mshahara mwingine.

Sasa badilisha hiyo DNS, kisha ufungue ukurasa ule ule kiendelezi kikiwa bado kimeondolewa. Kibao kisipoondoka, andika hapa toleo la Android na kivinjari unachotumia. Na ile picha ya skrini ya jana ifute, namba yako ya simu inaonekana pale juu.