Usianze na maana: kwa mwalimu mgeni wa insha za maneno dhahania

Mwaka wangu wa kwanza darasani niliandika ubaoni neno moja, "Uhuru", nikawaambia wanafunzi wa miaka 15 waeleze maana yake kwa kurasa mbili. Nilipokusanya madaftari nikakuta karibu yote yanaanza vilevile: "Uhuru ni hali ya kuwa huru." Aya ya pili faida za uhuru, ya tatu madhara ya kuukosa, ya mwisho "hivyo basi, hatuna budi kuulinda uhuru wetu". Niliwalaumu wao kwa wiki nzima. Kosa lilikuwa langu. Niliwadai jibu la swali ambalo halikuwa limemkera hata mmoja wao.

Ndiyo maana siku hizi fasili, yaani maelezo ya maana ya neno, huja mwisho. Naanza na visa, tena visa vya kutatanisha. Tuseme neno ni ujasiri. Nawapa watu wanne: kijana asiyejua kuogelea anayejitosa kwenye maji ya kina kumwokoa rafiki yake, mwizi anayeruka ukuta usiku akijua kuna mbwa wakali, mtoto mdogo anayemshika nyoka kwa sababu hajui nyoka ni nini, na msichana anayekiri kosa ambalo lisingegundulika kamwe. Nani jasiri? Mtoto wa nyoka huondolewa mara moja, na wenyewe husema kwa nini: hakuijua hatari. Tayari wamepata kigezo cha kwanza na bado hujafundisha chochote. Mwizi ndiye huligawa darasa. Kuna watakaosema ana ujasiri ila ameutumia vibaya, na kuna watakaoapa kwamba penye nia mbaya ujasiri haupo, hiyo ni jeuri tu. Waache wabishane. Usitoe hukumu, hata wakikuangalia kwa macho ya kuomba. Ukitoa hukumu, insha zote 40 zitakuwa zako.

Mabishano yakipoa, kila mmoja aandike sentensi mbili tu: "Huu ni ujasiri kwa sababu…" na "Huu si ujasiri, ingawa unafanana nao, kwa sababu…" Hiyo ya pili ndiyo mbegu ya insha. Neno hujulikana vizuri pale linapopakana na jirani yake, na Kiswahili kimetujalia majirani wengi: ujasiri na ujuba, ukarimu na ubadhirifu, wivu na husuda. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia insha nzima kutenganisha "haya" na "aibu". Hoja yake ilikuwa kwamba haya huja kabla ya tendo, humzuia mtu. Aibu huja baada ya tendo, humwadhibu. Ukimwambia kwamba watu huyachanganya kila siku, atakubali, lakini atakuuliza mbona twasema "hana haya" kwa anayethubutu na "amepata aibu" kwa aliyekwisha kuumbuka. Sikuwa na la kumjibu.

Kamusi usiipige marufuku, ila ije baada ya visa, nayo ihojiwe kama shahidi mwingine yeyote. Asili ya neno pia husaidia kwa tahadhari. Vijana hupenda sana kugundua kwamba ndani ya "ustaarabu" kuna Uarabu, kisha wakadhani wameimaliza kazi. Waulize: anayemwambia mtu aliyeruka foleni "kuwa mstaarabu" anawafikiria Waarabu? Neno linaweza kuhama mbali sana na lilikozaliwa.

Na methali! Watakuletea kumi kwa ukurasa, kwa sababu walishazoezwa kwamba insha bila methali ni chakula bila chumvi. Mimi huruhusu moja, kwa sharti kwamba ibishiwe. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio" inamsifu mwoga, au inatuonyesha ushujaa unagharimu nini? Aya nzuri kuliko zote nilizowahi kusahihisha zimetoka kwenye ugomvi na methali hiyo.

Kuhusu kuchagua neno: upendo, amani na haki ni makubwa mno kwa kuanzia, yanamgeuza kijana kuwa mhubiri. Uvivu ni bora. Kinyongo ni bora zaidi. Ubahili pia, maana kila mmoja ana mtu anayemwona bahili na mwenyewe anajiita mwangalifu.

Rasimu zikishaandikwa kuna jaribio moja nalithamini kuliko kalamu yangu nyekundu. Mwanafunzi achukue aya yake, afute "ujasiri" kila lilipo, aweke "upendo" au "subira". Aya ikiendelea kusomeka vizuri, haisemi lolote kuhusu ujasiri. "Ujasiri ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu" hufa hapohapo. Wanacheka, halafu wanafuta wenyewe.

Watakaokata tamaa kwa kuwa fasili yao haikai sawa, wasimulie habari za Laches, jemadari wa Athens. Mwanafalsafa Plato anamwonyesha akiulizwa na mwalimu wake Socrates ujasiri ni nini, naye anajibu kama askari: ni kubaki kwenye safu bila kukimbia. Socrates anamkumbusha kuhusu Waskithi, wapanda farasi wa kale, wanaopigana huku wakirudi nyuma. Jibu linavunjika, linajaribiwa jingine, na mazungumzo yanaisha bila fasili kupatikana. Jemadari mwenyewe alishindwa.

Jambo moja nililijua kwa kuumia. Neno kama usaliti au msamaha humfungua kijana kuliko alivyokusudia. Niliwahi kuisoma insha moja kwa sauti mbele ya darasa kwa kuwa ilinivutia, bila kumwomba ruhusa mwandishi. Nusu ya wasikilizaji walimjua aliyesimuliwa. Mwandishi yule hakuniandikia tena kitu cha kweli mpaka mwaka ulipoisha.

Katika kusahihisha, pembeni naandika swali moja tu: kisa kimoja ambacho fasili yake haiwezi kukibeba. Anarudi na aya nyingine, au na fasili iliyopunguzwa. Yule aliyeandika kwamba mwizi hawezi kuwa jasiri nilimuuliza: na anayeiba dawa ili kumwokoa mgonjwa? Daftari lilirudi bila aya mpya. Chini ya swali langu alikuwa ameandika: "Wewe mwalimu ungemwitaje?" Nilikaa nalo siku mbili.