Nyangumi wa Kwenye Picha ni Mifupa

Mwanangu,

Sauti yako ya Ijumaa nimeisikiliza mara mbili. Unasema hapo Wete watu wanahadithiana kuwa shangazi yako anaogelea na nyangumi Norway, na wewe unataka usomee viumbe vya bahari uje huku. Nyangumi yule ni mifupa. Ananing'inia darini, makumbusho ya Bergen. Kosa langu, picha niliiweka bila ya maelezo.

Mimi kazi yangu kuhesabu chawa. Samoni wa kufugwa ana chawa wake wa baharini, na sheria ya hapa inataka wastani usipite 0.5, yaani nusu chawa jike mpevu kwa samaki mmoja. Baridi ikianza kuvunjika hushushwa mpaka 0.2, maana ndipo samoni wachanga wa mitoni wanapopita kwenda bahari kuu. Basi tunakwenda vizimbani, tunawachota, tunawatia kwenye beseni la dawa ya usingizi, namshika mmoja mmoja, namgeuza ubavu huu na huu: chawa huyu mmoja, huyu wa pili ana mayai, anaburura nyuzi mbili nyuma. Mvua inapiga ya ubavuni. Glovu juu ya glovu na vidole huvisikii. Udaktari wa falsafa huo! Bwana mmoja kazini aliniuliza kama kwetu kuna bahari. Nikamwambia ipo kidogo.

Kazi ni ya halali, inalipa, siitukani. Kinachoniuma ni bibi yako. Amenisomesha kwa mwani, mgongo umepinda kwa kufunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Sasa kotonii, mwani anaopanda, inamfia. Maji yakipata joto inapauka, inakatika, mkondo unachukua. Ananipigia: "Wewe si daktari wa bahari? Nambie nifanye nini." Namwambia apande mwani wa aina nyingine, spinosamu, inastahamili zaidi, ingawa bei yake duni. Au ahamie maji makubwa. Bibi yako hajui kuogelea! Nakata simu, namtumia pesa. Samoni wa watu wana mtu wa kuwashika mkononi, mwani wa mama yangu una mimi kwenye simu.

Kwa hiyo usije. Ila nafasi ikitokea iliyolipiwa kila kitu, ichukue, wala usiniulize, na usimwambie mtu mpaka viza iwe mkononi. Kwanza soma hapo hapo. Nenda Unguja, pale Taasisi ya Sayansi za Bahari, omba hata kuosha chupa za maabara. Kaa na wavuvi wa Kojani, wakufundishe kusoma maji.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupeleka watoto wa skuli kwenye matumbawe. Watoto wa kisiwani, na wengi hawajawahi kutia uso majini. Kuna mmoja alipiga kelele na mrija mdomoni, kaona pono anatafuna jiwe. Nilikuwa na mkataba wa miezi sita sita. Mradi ukaisha, na mimi nikaisha nao.

Ukisoma, rudi. Najua, na mimi mbona sirudi. Usinijibu hilo.

Mwambie baba yako pesa ya bati mwisho wa mwezi, si kabla. Na bibi yako asijue habari ya chawa. Yeye mwache na nyangumi wake.