Holašovice, kijiji kilichobaki na watu wawili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu anasoma České Budějovice, Ucheki. Amenitumia picha ya kijiji kinaitwa Holašovice. Nyumba zote zimeelekea bwawa moja, zimepakwa rangi kama keki za harusi, na zinafanana utadhani fundi ni mmoja. Je, ni kijiji cha kweli au kimejengwa kwa ajili ya watalii? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kijiji cha kweli, na wenyeji wake, ambao hawafiki mia mbili, wanalala na kuamka humo humo. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na mpaka leo kijiji kidogo kinanivutia kuliko mji mkuu wowote.

Kipo kusini mwa Bohemia, sehemu ya magharibi ya Ucheki, kama kilomita 15 magharibi mwa huo mji anaosoma kaka yako, katika nchi ya mabwawa ya samaki. Ukitazama kusini unaona milima ya Blanský les na kilele chake, Kleť, chenye mita 1,084. Katikati ya kijiji pana uwanja mrefu wa majani, mita 210 kwa 70. Hapo ndipo lilipo bwawa, karakana ya mhunzi, na kikanisa cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755. Maboma 23 ya wakulima yameuzunguka uwanja huo.

Hebu itazame tena picha yako, boma moja tu. Utaona kuta mbili zilizopanda hadi kwenye paa, na lango kubwa katikati yake. Ukuta mmoja ni wa nyumba ya mwenye shamba. Wa pili mara nyingi ni wa ghala la nafaka, au wa nyumba ndogo ya wazee. Huko Bohemia, baba akimwachia mwanawe shamba, yeye na mkewe walihamia nyumba hiyo ndogo, na mkataba ukaandikwa: unga kiasi gani, maziwa kiasi gani, kuni kiasi gani, mpaka kufa kwao. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kupita yote katika kijiji kile. Nyuma ya nyumba kuna ua, kisha ghala la kupuria, kisha bustani, halafu mashamba.

Ramani hiyo ni ya zamani sana, ila mapambo ni ya juzi. Kazi za lazima kwa mabwana zilipofutwa mwaka 1848, mkulima akaanza kushika fedha yake mwenyewe, na wengi wakajenga upya kwa matofali. Ndiyo maana nyumba zinafanana: nyingi ni za karne ya 19, na baadhi zina mwaka wa ujenzi kwenye ukuta wa mbele.

Sasa historia, nayo ni nzito. Jina la kijiji linaonekana katika maandishi kwanza mwaka 1263. Mwaka 1292 Mfalme Václav wa Pili wa Bohemia alikitoa kijiji kwa watawa wa monasteri ya Vyšší Brod, wakakimiliki hadi karne ya 19. Kati ya 1520 na 1525 ikaingia tauni. Walionusurika ni watu wawili. Kijiji kizima, wawili! Watawa wakaleta walowezi wa Kijerumani kutoka Bavaria na Austria, na daftari la mwaka 1530 lina watu 17. Hivyo Kijerumani kikawa lugha ya kijiji: mwaka 1895 walihesabiwa Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Czechoslovakia iliwafukuza Wajerumani wake, karibu milioni tatu. Wa Holašovice nao wakaondoka, na wapo ambao koo zao zilikuwa pale kwa karne nne. Maboma mengi yakabaki matupu, mapaa yakaoza. Na hapo ndipo lilipo jibu lako, mwanangu, ingawa linauma: kijiji kilihifadhika kwa sababu kilitelekezwa. Vijiji vilivyojaa watu na fedha vilibomoa nyumba za mababu na kujenga mpya. Huku hapakuwa na wa kubomoa. Kuanzia miaka ya 1990 watu wakarudi kuezeka na kupaka chokaa, na mwaka 1998 UNESCO ikakiandika kijiji chote, majengo kama 120 pamoja na mabanda, katika Urithi wa Dunia.