Maswali na Majibu: Je, Maikrowevu Huondoa Virutubisho Katika Chakula Kilichokwisha Kupikwa?

SWALI: Mtaalamu, kila mwisho wa juma mimi hupika chakula cha siku tano, nikakigawa katika vyombo vya plastiki na kukiweka kwenye jokofu, kisha kila mchana hukipasha moto kwa maikrowevu kazini. Wenzangu wananiambia kwamba mawimbi ya chombo hicho huua vitamini zote, na kwamba ninachokula ni shibe tupu. Zaidi ya hayo, chakula changu huchemka pembeni huku katikati kikiwa bado baridi. Je, wanayoyasema ni kweli, na nikipashe vipi ili kibaki na manufaa?

JIBU: Nianze kwa kukutoa hofu kuhusu mawimbi, kisha nikueleze kwa nini zile siku tano zinanipa wasiwasi zaidi kuliko maikrowevu yenyewe.

Mawimbi yanayotumika humo ni ya jamii moja na mawimbi ya redio. Katika oveni za maikrowevu za nyumbani hutetema takribani mara bilioni 2.45 kwa sekunde, na molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula hujaribu kuyafuata kwa kujigeuzageuza, zikasukumana na jirani zake hadi joto likatokea. Tofauti na eksirei, hayana nguvu ya kupasua molekuli, wala hayabaki ndani ya chakula, kwa maana oveni ikizimika nayo hukoma papo hapo. Kinachopunguza vitamini ni joto lenyewe, urefu wa muda, maji mengi na hewa, na hayo manne yapo vilevile katika sufuria iliyo juu ya jiko.

Si virutubisho vyote vinavyoathirika kwa kiasi kimoja. Vitamini C, vitamini B1 na foleti (nayo ni aina ya vitamini B) huyeyuka katika maji na hupungua upesi zikikaa kwenye joto, kwa hiyo hizo ndizo za kulindwa. Vitamini A, D, E na K hustahimili zaidi. Madini kama chuma, zinki na kalsiamu hayaunguzwi na joto la jikoni hata kidogo, bali hupotea pale tu yanapotoka kwenye chakula na kuingia katika maji ambayo baadaye humwagwa. Protini hubadilika umbo bila kupoteza thamani yake, na nyuzinyuzi hubaki. Kwa kuwa maikrowevu hupasha kwa dakika chache na bila kuhitaji maji mengi, mara nyingi chakula hutoka humo kikiwa na hali sawa na kile kilichopashwa jikoni, au bora zaidi. Kauli ya wenzako kwamba unakula shibe tupu haina msingi.

Sehemu kubwa ya upotevu hutokea kabla chakula hakijafika kwenye oveni. Mboga za majani zilizochemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, kisha zikakaa siku kadhaa kwenye jokofu, huwa zimepoteza vitamini C nyingi hata kama hazitapashwa moto tena. Ukijua kwamba chakula kitapashwa baadaye, pika mboga kwa muda mfupi kuliko unavyopika za kuliwa papo hapo, ukiziepua zingali na rangi yake na ukakamavu kidogo, kwa sababu kule kupashwa kutazimalizia kuiva. Tumia maji machache, na kilichobaki kiwe sehemu ya mchuzi. Kisha pasha kile tu utakachokula. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kupasha chombo kizima, akala nusu, akarudisha nusu nyingine kwenye jokofu ili aipashe tena kesho. Kila mzunguko wa namna hiyo hupunguza vitamini, huharibu ladha ya nyama na huwapa vimelea nafasi mpya ya kuzaliana.

Jambo moja dogo ningependa ulizoee: ongeza kitu kibichi baada ya kupasha, si kabla. Limau lililokamuliwa juu ya maharage, vipande vya nyanya au pilipili hoho mbichi, ama tunda la kulia pamoja na mlo, huleta vitamini C ambayo haijaguswa na joto, na vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Sasa nije kwenye zile siku tano. Chakula kilichopikwa huhifadhika vizuri kwenye jokofu kwa siku 3 hadi 4, iwapo jokofu lina nyuzi joto 4 au 5 za Selsiasi, au chini ya hapo. Sehemu ya siku ya nne na ya tano igandishe kwenye friza siku ileile uliyopika, kwani kugandisha huhifadhi vitamini vizuri kuliko kukaa muda mrefu katika ubaridi wa kawaida. Chakula kisikae nje zaidi ya saa 2 baada ya kuepuliwa, kwa sababu kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria huongezeka kwa kasi. Kigawe katika vyombo vifupi na vipana ili kipoe haraka. Sufuria iliyojaa hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi hata ikiwa ndani ya jokofu.

Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Mchele huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani mbegu zake zilizolala ndani ya ganda gumu, hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa nje kwa muda mrefu, spora huchipua, bakteria wakaongezeka na kutoa sumu, na ile sumu inayoleta kutapika haiharibiwi na joto la kupasha kiporo, iwe ni jikoni au kwenye maikrowevu. Wali uliolala mezani usiku kucha utupwe, hata kama unanukia vizuri.

Kuhusu chakula kuchemka pembeni na kuwa baridi katikati, sababu ni kwamba mawimbi huzama sentimita chache tu kutoka nje, na sehemu ya ndani hungoja joto lisafiri kutoka pembeni. Isitoshe, ndani ya oveni mawimbi hukutana na kujenga maeneo yenye nguvu na maeneo dhaifu, ndiyo maana sahani huzungushwa. Barafu nayo hupokea mawimbi vibaya kuliko maji, hivyo chakula kilichoganda kikianza kuyeyuka upande mmoja, upande huo huungua huku mwingine ukiwa jiwe. Kiyeyushe kwanza kwenye jokofu tangu usiku uliotangulia.

Ukiwa tayari kupasha, tandaza chakula kifuate ukingo wa sahani, ukiacha nafasi wazi katikati. Nyunyizia kijiko kimoja au viwili vya maji juu ya wali, kata nyama vipande vyembamba na uifunike kwa mchuzi, kisha weka kifuniko kilicholegea ili mvuke uzunguke ndani. Tumia nguvu ya kati badala ya nguvu yote, koroga katikati ya muda, na ukimaliza kiache kitulie dakika 2 kikiwa kimefunikwa, kwa kuwa katika utulivu huo joto huendelea kusambaa. Soma pia nguvu ya oveni iliyoandikwa nyuma au mlangoni: kinachopashika kwa dakika 3 kwenye oveni ya wati 1,000 kitahitaji dakika 4 na kidogo kwenye ile ya wati 700. Yai zima usilipashe, liwe bichi au la kuchemshwa, kwani mvuke hujifungia ndani na linaweza kulipuka, wakati mwingine likiwa tayari mkononi.

Vyombo vyako vya plastiki vinaweza kuendelea kuhifadhi chakula kwenye jokofu, lakini wakati wa kupasha ningekushauri uhamishie chakula kwenye sahani ya kioo au ya kauri. Joto na mafuta huongeza kemikali zinazohama kutoka kwenye plastiki kuingia katika chakula, hasa ikiwa chombo kimechakaa na kujaa mikwaruzo, au kilitengenezwa kwa ajili ya kuuzia siagi na aiskrimu tu. Vyombo vya melamini (ile plastiki ngumu ya sahani na bakuli) na vya metali visiingie kabisa.

Kama bajeti yako inaruhusu kununua kifaa kimoja tu, nunua kipimajoto cha chakula. Kichomeke katikati ya sahani na mahali pengine pawili. Usomaji wote ukifikia nyuzi joto 74, chakula kiko tayari, na hakuna faida ya kukirudisha kwa dakika nyingine.